Metere Iliyoanzia Tano

Juzi nimerudi shule. Usicheke. Mjukuu wangu wa kike yuko mwaka wa tatu, mama yake alikuwa zamu kule zahanati, na mwalimu alikuwa ameita wazazi. Basi nikaenda mimi, mzee mzima, nikakaa kwenye benchi ya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Mwalimu, kijana mpole, akatueleza mambo ya mwaka wa tatu. Mtoto anajifunza kuzidisha kwa kichwa, kutoa hesabu kubwa, kusoma na kuelewa alichosoma, kusema sentensi nzima ya Kifaransa, na kupima vitu kwa mita. Halafu akasema mzazi anaweza kumsaidia hata kama yeye mwenyewe hakusoma. Amsikilize anaposoma. Amuulize, leo umejifunza nini? Ampe vitu vya nyumbani avipime.

Aliposema kupima, nikacheka peke yangu. Mama mmoja niliyekaa naye akaniuliza, "Mzee, kuna nini?"

"Apana, mama, nimekumbuka kitu."

Kitu chenyewe nitakueleza wewe, maana yeye nilimwacha hivyohivyo, mwalimu alikuwa ameshaanza kutukazia macho.

Huyo mama wa mjukuu wangu, binti yangu aliyekuwa zamu, ndiye habari yenyewe. Na yeye aliwahi kuwa mwaka wa tatu, miaka ile ya vita. Mi nilikuwa fundi wa nguo pale mtaa wa Bwiza, cherehani yangu iko barazani, upande mmoja kinyozi, upande wa pili jirani yetu mama wa ndagala. Asubuhi ukifika unakutana na mambo matatu kwa pamoja: harufu ya samaki zake zilizokauka, moshi wa makaa, na redio ya kinyozi. Tukisikia mlio kutoka vilimani, juu ya Musaga, kinyozi anapunguza redio, tunasikiliza, anaongeza tena. Hivyo tu. Mtu anazoea, na mpaka leo sijui kama ni vizuri kuzoea.

Shule mwaka ule ilifunguliwa na kufungwa kama mlango wa duka. Wiki mbili watoto wanakwenda, wiki tatu wako nyumbani wanacheza kwenye mchanga. Mwalimu wao, mzee mwenye koti moja la kijivu, alikuwa ametangaza wazi kwamba atakayeshindwa hesabu za muhula huo anarudi mwaka wa pili. Na mi, nikiwa nakunywa chai na mandazi ya mke wangu, nikasema neno ambalo leo linanitia haya. Nikasema, "Akirudishwa, basi. Iko cherehani. Atakaa na mi ajifunze kazi."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanyiwa. Mi niliishia mwaka wa tatu. Baba yangu alikuja mpaka mlangoni mwa darasa, akaniita kwa kidole, na kesho yake nilikuwa napiga pasi ya makaa. Sikulia. Nililia baadaye, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, siku mwanangu wa kwanza aliponisomea kibandiko cha chupa ya dawa. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Mke wangu aliweka kikombe chini. "We walikutoa shule, na huyu naye umtoe? Kosa lake ni lipi, vita ameanzisha yeye?"

Binti alikuwa amesikia yote. Akachukua daftari lake akaenda kukaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, mahali pake pa kusomea, kati ya vipande vya nguo.

Basi mwalimu akawapa kazi ya nyumbani: pimeni vitu kumi, mwandike santimeta. Daftari, kile kibao cha kuandikia kwa chaki, kimo chako mwenyewe, vingine chagua. Watoto wenzake waliazima rula, walihangaika. Binti yangu hakuhangaika, yeye ni mtoto wa fundi. Akanivua shingoni ule utepe wa kupimia, huku kwetu tunauita metere, akapima kila kitu. Daftari, kibao, kigoda cha mama yake, sinia, ufagio. Kimo chake nilimpima mwenyewe, kisigino kimegusa ukuta. Mita moja na santimeta ishirini na nane. Nikaona fahari. Nikajisemea, kumbe na mi naweza kumsaidia mtoto kusoma.

Alirudi na sifuri. Misalaba myekundu kumi. Na zaidi ya hapo, mwalimu anamtaka mzazi, kwa sababu mtoto amemjibu.

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia metere ya baba haikosei. Nimemwambia Bwiza nzima wamevaa nguo zako na hakuna zinazowabana."

Nilivaa koti, nikaenda hivyo na metere yangu shingoni, kichwa juu. Njiani nilikuwa napanga maneno makali. Darasani watoto walisimama, "Bonjour monsieur!", nikawaambia wakae. Mwalimu hakuwa na hasira. Alichukua ule mti wake wa mita, mti ambao siku nyingine ulikuwa unafanya kazi migongoni mwa watoto, akaulaza juu ya meza.

"Mzee, huu ni mita moja. Upime kwa metere yako, watoto waone."

Nikapima. Mkono wa fundi hauendi polepole, nikalaza utepe, nikavuta, nikasoma kwa sauti.

"Mia na tano."

Darasa lote likacheka. Mmoja nyuma akasema, "Mita ya Bwiza hiyo!" wakacheka tena. Mimi nilisimama pale nimeshika utepe, na nikahisi kama kidole cha baba yangu bado kiko mlangoni kinaniita.

Binti yangu hakucheka. Alitoka kwenye benchi, akaja akaushika utepe, akautazama mwanzo wake. "Baba," akasema polepole, kama anamwambia mtu mgonjwa, "hii inaanzia tano."

Na ni kweli. Sasa nikueleze, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshasahau. Miaka kadhaa nyuma tulinunua mbuzi wa Idi, tukamfunga barazani, akautafuna utepe wangu mwanzoni, pale penye bati. Nikachukua mkasi, nikakata vizuri kwenye namba tano. Mbuzi tulimla, lakini santimeta zile tano hazikurudi. Wiki ya kwanza nilikuwa naondoa tano kichwani kila nikipima. Wiki ya pili nikajiuliza, ya nini? Mwili wa mtu naupima kwa utepe huu, kitambaa chake nakikata kwa utepe huuhuu. Kama kifua kimezidi tano, na kitambaa kimezidi tano, shati litakaa sawa. Nikaacha. Na kweli mashati yalikaa sawa. Ila ndani ya duka langu mita ilikuwa ya kwangu peke yangu, na sikuwa na habari.

"Mwalimu," binti akasema, "niondoe tano kwa zote?"

Mwalimu akampa chaki. Akaandika ubaoni vyote kumi, mtoto wa miaka tisa, mgongo wake umetugeukia. Daftari, ishirini na saba, toa tano, ishirini na mbili. Kibao, sinia, ufagio. Akafika kwenye kimo, mia moja ishirini na nane, toa tano. Mia moja ishirini na tatu. Mwalimu akatazama alama aliyowahi kumwekea ukutani kwa penseli, akasoma namba iliyo pembeni: mia moja ishirini na tatu.

Alifuta ile sifuri kwa kiwembe, taratibu, asichane karatasi. Akaandika kumi. Halafu akanisindikiza mpaka mlangoni, akasema kwa Kirundi, kwa upole, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: "Mzee, mtoto huyu usimtoe." Sijui nani alimwambia. Namshuku mke wangu.

Sikumtoa. Metere mpya haikupatikana, ulikuwa wakati wa ambago, nchi imewekewa vikwazo na bidhaa haziingii, hata sindano tulikuwa tunazinoa. Nikaendelea na ileile. Lakini kila mchana, akitoka shule na kumaliza maharage yake, binti alikaa na lile daftari langu la vipimo vya wateja, anarekebisha. Mi majina siandiki vizuri, nilikuwa naandika kazi za watu: kinyozi, mama ndagala, muuza makaa, fundi baiskeli. Yeye anapitisha mstari kwenye namba yangu, pembeni anaandika ile ya kweli. Shule ikifungwa, anakaa na daftari wiki nzima. Kutoa alijifunzia humo. Akichoka namuuliza, mashati saba, kila moja vifungo nane? Mwaka ule alipita. Sasa ndiye anayepima watoto wachanga pale zahanati, na ananigombeza nikitembea bila kofia.

Baada ya mkutano wa juzi nilifika nyumbani, nikafungua droo ya cherehani. Utepe umeoza, ukiushika unakatika. Daftari lipo. Nikampa mjukuu anisomee, kama mwalimu alivyosema, nami nikasikiliza.

"Kinyozi, kifua, tisini na moja." Kinyozi alihamia Uvira, redio yake sijui nani anaisikiliza. "Mama ndagala, kiuno, mia na mbili." Huyo tulimzika sisi wenyewe. "Rafiki wa benchi, kifua, hamsini na nane." Mjukuu akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mtoto aliyekaa na mama yako darasani. Baba yake alikuja kuagiza gauni la buluu la shule, wiki ile wakahama kwenda Buterere, kutoka huko hakuna aliyejua walikokwenda. Gauni nililishona. Lilikaa kwenye msumari mpaka buluu ikawa kijivu.

Baraza lile halipo, leo pamejengwa ghorofa la kampuni ya simu. Lakini wote wamo humu daftarini, na urefu wao na mabega yao. Kitambaa kikipatikana naweza kukata leo hii. Nguo zitawaenea. Mtoto wa mwaka wa tatu alimwondolea kila mmoja wao zile tano.