Muziki wa Bure Ulionila Mbuzi Wawili

Shilingi elfu arobaini na mbuzi wawili. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Hiyo ndiyo bei ya muziki wa bure niliopeleka Elburgon, mimi mtu ambaye wauza mitumba wa Nakuru wakiniona kwa mbali hupandisha bei mapema ili wapate pa kushukia.

Mpwa wangu Dennis alikuwa anapeleka mahari kwa kina Shiro, mchumba wake, huko Elburgon, akaniomba niwe msemaji wetu. Nikakubali, na kwa kuwa siwezi kuona pesa ya mtu ikitoka nikanyamaza, nikamfuta pia DJ aliyekuwa amemwita. Alitaka elfu nane, nikamshusha hadi tano na nusu, kisha nikajiuliza, kwani muziki si uko kwenye simu? Shida ni babake Shiro. Mzee aliongoza kwaya miaka mingi, na kanda zao zilinakiliwa zikauzwa vibandani bila wao kuona senti, kwa hivyo alikuwa ametuma neno: nyimbo za wizi zisiingie bomani kwake. Flash ya nyimbo za kunakili, ile ya bei ya chini pale stendi, ikawa haramu.

Basi wiki nzima nikakaa nyumbani Kiamunyi nikitafuta nyimbo za bure zilizo halali. Zipo, msidanganywe. Kuna tovuti ambazo wanamuziki wenyewe wameruhusu upakue, nami nikapakua kumi na mbili: tisa zilikuwa vinanda vya kulaza watu (mke wangu alilala kwenye ya pili), mbili zilikuwa sauti ya mvua, na katika ile iliyobaki mtu aliimba kwa lugha ngeni, sikujua kama anashukuru au anatukana. Nikahamia programu ya kusikiliza moja kwa moja mtandaoni, kwaya za kwetu tele, halali kabisa, ila kila baada ya nyimbo kadhaa wanapachika tangazo. Dennis akaniambia, "Uncle, si ulipe tu hiyo ya mwezi, matangazo yaishe." Nikamjibu tangazo halijawahi kuua mtu.

Siku yenyewe nilienda na spika niliyoazima kanisani, na jamani, niliongea. Wazee walianza juu kabisa, nikawashusha polepole kama mtu anayeshusha friji kwenye ngazi, mpaka tukafika mahali ambapo Dennis alinikanyaga mguu nisije nikaharibu. Likabaki jambo moja. Huko kwao msichana huulizwa mbele ya wote kama mahari iliwe, na bila neno lake hakuna kilichopatanwa. Nikapunguza sauti ya kwaya (nilipunguza, sikuzima, niliona inapendeza), Shiro akasimama, babake akauliza, "Shiro, hii mali ya hawa wageni, tule?"

Shiro akafungua mdomo kujibu. Wimbo ukaisha, na tangazo, ambalo halina adabu ya sauti, likanguruma kwenye spika ya kanisa:

"Usikubali! Usikubali kupewa kidogo! Leta simu yako kuukuu, kwetu utapata zaidi!"

Nikairukia simu, nikabonyeza kitufe kisicho chenyewe, sauti ikapanda badala ya kushuka. Lilipokatika, shangazi yake Shiro, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akauliza kwa upole sana ni nani hapa ameitwa kuukuu. Wasichana wakaangua kicheko. Dennis akawa anasoma viatu vyake. Mzee hakucheka.

"Msemaji," akasema, "hata chombo mlichokuja nacho kimeona unatupunja. Keti tuanze tena."

Tukaanza tena, na msemaji aliyeshachekwa hana bei, kila nilipofungua mdomo kuna mtu nyuma alinong'ona "usikubali" na boma zima likacheka. Zilipoongezwa elfu arobaini na mbuzi wawili ndipo Shiro akasema ndiyo.

Wakati wa kuaga mzee alinishika mkono akaniambia ningemuuliza tu. Nyimbo zote za kwaya yake wameziweka mtandaoni, yeyote apakue bure, hakuna tangazo. "Nilichoka kuibiwa," akasema, "nikaamua kuwapa."

Sasa Dennis anasema elfu arobaini ni zangu na mbuzi tugawane. Mimi nasema nilimwokolea tano na nusu za DJ, zitolewe kwanza. Nyinyi mnaojua haki, niambieni nani analipa nini. Na kama kuna mwenye mbuzi wawili wa bei ya kuongea, aniite. Nitakuja bila spika.