Kaseti Isiyokuwa na Picha

Kundi letu la wapenda muziki kwenye simu lina kaugonjwa: kila Jumapili lazima mtu aulize, "Leo mnasikiliza nini?" Juzi jamaa wa Vwawa katupia picha ya santuri zake, kazifuta mpaka zinang'aa. Fundi redio wa Tunduma akamjibu kwa rafu nzima ya kaseti, na ubishi ukaanza. Mimi niliweka simu chini nikalia, mtu mzima mimi.

Ngoja nikueleze. Nimekulia Ikinga kwa bibi mzaa mama, maana mama alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba alipakia mizigo mpakani Tunduma, na kila akija alileta sukari, sabuni na kaseti za Zambia zenye picha za wanamuziki waliovaa suti. Betri za redio tulizianika juu ya bati zipate nguvu. Tukimenya viazi, bibi alicheza kwa mabega tu, palepale kwenye kigoda, hata maharage yakaungua tukayala hivyohivyo.

Kaseti moja haikuwa na picha wala maandishi. Humo mama alikuwa akiimba na kwaya ya kanisani. Baba mwenyewe alimrekodi siku ya mazoezi. Aliniambia mimi peke yangu, kwa kuwa bibi angeisikia sauti ya mwanawe angeumia. Akaahidi nikimaliza darasa la saba tutaisikiliza wawili. Nikasubiri, na kusubiri kwa mtoto unakujua.

Mwaka mmoja, kabla sijamaliza shule, ndege waliuvamia ulezi. Majirani walikuwa wakitoa utepe kwenye kaseti mbovu na kuufunga mti hadi mti. Upepo ukipita utepe unavuma, ndege wanakimbia. Bibi naye akafungua boksi la kaseti la baba. Zenye picha akaziacha, akijua mkwewe anazipenda. Akachukua ile tupu, akaona haina kazi.

Nilitoka shule nikakuta shamba linavuma, nikafurahi, sikujua ni kaseti gani. Jumamosi baba akaja, akafungua boksi, akatoka akaenda kusimama katikati ya ulezi. Kwetu mama mkwe hagombezwi. Bibi alipomfuata, baba alisema tu, "Naona ndege wamepungua, mama."

"Wamepungua sana, baba. Kaseti yako imetusaidia."

Baada ya mavuno baba aliukusanya utepe, akaunga vipande kwa rangi ya kucha, akauzungusha kwa kalamu. Akaniita. Redio ikakwaruza, ikapiga mluzi, ikakwaruza tena. Kisha mwanamke akavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuanza kuimba.

"Ndiye," baba akasema.

Utepe ukakatika. Alijaribu kuuunga mpaka ukabaki vumbi vidoleni mwake.

Bibi alifariki bila kujua, na nashukuru. Baba naye kaondoka. Siku hizi nikienda Ikinga nawatafuta kina mama waliobaki wa ile kwaya, nawauliza mama aliimbaje. Wote wananishika mkono, wananiambia alikuwa na sauti nzuri. Nzuri vipi, nauliza, nyembamba au nzito? Wanafikiri, wanatazamana. "Nzuri tu, mwanangu," wanasema. "Nzuri sana."