Barabara ya Vitabuni

Miaka ya tisini nilikuwa mkaguzi msaidizi wa hesabu za serikali, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka mabaraza ya wilaya na ya miji upande wa Migori na Homa Bay. Kila tulikofika, soda ilikuja kabla ya faili. Ukiona imeandamana na biskuti, ujue huenda faili lenyewe halipo. Mimi nilikuwa mwepesi wa hasira, tena sikunywa soda ya mtu ninayemkagua, kwa hiyo makarani waliniona mwanamke mwenye roho mbaya. Hawakukosea sana.

Makosa yalikuwa yale yale kila mahali. Ushuru wa soko umekusanywa, nakala za risiti hazionekani. Ofisa kachukua masurufu ya safari, kaenda, karudi, kanenepa, na hesabu ya safari hajaleta mpaka leo. Lakini lililomchosha mkubwa wangu kuliko yote lilikuwa hili: pesa zimepangiwa kazi fulani kwenye bajeti, zinatumiwa kwa kazi nyingine, halafu vitabuni inaandikwa ile ya kwanza kana kwamba ndiyo iliyofanyika. Mkubwa wangu alikuwa mzee mpole kutoka miteremko ya Mlima Kenya, amebakiza muda mfupi astaafu. Aliniita binti, nami nilimwita mzee. "Binti," alikuwa akisema, "kanuni zote za uhasibu mlizokariri chuoni ni sentensi moja tu. Andika jambo lilivyo." Nilikuwa naitikia huku nikidhani hakuna kitu rahisi kama hicho.

Baraza ninalolikumbuka nitaliacha bila jina. Lilikuwa upande wa Migori, ofisi zake nyuma ya soko, na upepo ukigeuka tulifanya kazi katika harufu ya omena, dagaa wa ziwani, tangu asubuhi hadi jioni. Siku moja tukiwa tumekaa kwa mweka hazina, mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliingia mwanamke wa makamo aliyevaa sare nyeupe ya nesi, matope yamempanda hadi magotini, viatu ameshika mkononi. Alikuwa nesi wa zahanati iliyokuwa bondeni, ng'ambo ya kijito, mbali na barabara kuu. Alikuja kuuliza ombi lao la murram, ule udongo mwekundu wa kushindilia barabara, limefikia wapi.

Mweka hazina alitutupia jicho sisi wakaguzi. "Sista, nyinyi barabara yenu iliwekwa murram mwaka huu. Hata mwaka jana. Hapa kwa baraza, nyinyi ndio mnaongoza."

"Murram gani?" Nesi aliangusha viatu sakafuni. "Juzi kuna mama amejifungulia kwa wilbaro, kwa matope, mvua inanyesha, mimi nimebana mwavuli na kwapa ndio nipokee mtoto. Hiyo murram yenu ilikuwa wapi?"

Mweka hazina alitazama dari. Masikini, angesema nini? Akikubali kwamba murram haipo, anajifunga mwenyewe mbele yetu. Mkubwa wangu aliomba karatasi za safari za lori la baraza, akazipitia pole pole. Kweli lile bonde liliongoza. Lori lilikuwa limepeleka murram huko mara nyingi kuliko mahali pengine popote katika eneo la baraza lile. Mzee alifunga faili akasema kesho tutakwenda kuiona murram hiyo kwa macho, na dereva wa lori atatuonyesha njia.

Usiku huo nililala vizuri. Nilijua tumemnasa mwizi, na mwizi wa pesa za umma ndiye mtu pekee niliyeweza kumchukia bila kujuta.

Asubuhi tulikwenda. Dereva wa lori alikaa nyuma ya Landrova yetu, mtu mnene mwenye aibu. Murram haikuwepo. Yalikuwepo matope meusi, yale ya kushika gurudumu na kutoliachia, na tulipofika kwenye kijito gari likakwama kabisa. Hapo watu wakaanza kutoka mabomani wakikimbia. Wanawake wawili watatu walipiga vigelegele. Nilidhani kuna harusi, mpaka nesi wetu alipofika akihema na kuniambia kwamba watu wameona gari la serikali, wanafikiri tumekuja kupima barabara. Sijui kama nimewahi kuona haya kiasi kile kwa jambo nisilolitenda.

Mama mkwe wake nesi alikuwa miongoni mwao, bibi mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nilimwamkia kwa Dholuo, nikamwita dani kama tunavyowaita nyanya zetu, naye akaifurahia salamu. Mkubwa wangu akamuuliza kwa Kiswahili kama lori la baraza huwa linafika pale.

"Lori? Eeh, hiyo inakuja sana!" Akamwonyesha dereva kwa kidole. "Huyu ni mtoto yetu. Yeye ndio analeta watu yetu."

"Watu gani, mama?"

"Si wale wamekufa." Akageuka, akaanza kutuonyesha boma moja baada ya jingine. "Wa pale alikufa Kisumu, lori ikaleta yeye. Bwana na bibi wa pale, wote wawili, lori. Huyu mtoto yangu mwenyewe, bwana ya huyu sista, lori ilimtoa Homa Bay. Inasimama hapa kwa maji, sisi tunabeba na mabega mpaka nyumbani. Serikali imetusaidia sana. Mungu awabariki."

Dereva alikuwa anatazama viatu vyake. Nadhani ndipo nesi alipoelewa murram aliyoambiwa jana ilikuwa murram ya nini.

Miaka ile watu walikuwa wanakufa sana kwetu, na ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina. Mtu aliyefia mjini lazima arudi akazikwe nyumbani kwake. Akizikwa ugenini ni kama ametupwa. Kukodi gari la kubeba maiti kulimaliza ng'ombe waliobakishwa na matibabu. Baraza lilikuwa na lori. Watu walikuja wakilia, na mweka hazina hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Lakini bajeti haikuwa na kifungu cha mazishi, na mafuta ya lori lazima yaandikwe kwenye kifungu fulani, basi yakaandikwa murram. Tena, kwa kuwa makarani walikuwa watu waangalifu, kila safari waliiandika kwa mahali lori lilipokwenda kweli. Kwa hiyo bonde lililofiwa kuliko yote ndilo lililokuwa na barabara iliyotengenezwa kuliko zote. Na kila mara nesi alipoomba murram, kamati ilifungua vitabu, ikaona vijiji vingine havijapata hata mara moja, ikaliruka ombi lake.

Nilitafuta hasira yangu nikaikosa. Mwizi hakuwepo. Nilikuwa nimekuja na ghadhabu nzuri iliyonolewa na sikuwa na mtu wa kumchoma nayo, na hilo liliniuma kuliko wizi.

Tuliporudi, mkubwa wangu aliomba kukutana na kamati ya fedha. Aliwaeleza bila kuwatisha. Alisema kubeba maiti si kosa, kosa ni kuiita kazi hiyo murram. Dawa yake ni nyepesi: wakae kama baraza, watenge kifungu, wakiite mazishi, kila kitu kiwe wazi, na pesa za barabara zirudi barabarani. Akamaliza, akaegemea kiti, akangoja washukuru.

Madiwani waliinamia karatasi zao. Mimi nilijua kwa nini, ila sikuwa nimefikiria kumwambia. Kwetu mgonjwa hanunuliwi jeneza. Kaburi halichimbwi kabla mtu hajakata roho. Kukitayarishia kifo ni kukikaribisha.

Diwani mmoja aliyeweka kofia yake juu ya goti ndiye aliyesema. "Mzee, kwa heshima. Unataka tuandike pesa ya kufa na watu bado wako hai. Sasa nani aanze?"

Mwenzake akadakia, "Na nyinyi wakaguzi ndio mnatuambia pesa ya kifungu ikibaki mwaka ukiisha, kifungu kinafutwa. Hiyo ya mazishi ikibaki, tutafute maiti wapi?"

Popote pengine ningecheka. Pale niliogopa, mimi na diploma yangu. Mzee akanigeukia. "Binti, wasemaje?"

"Mzee," nilisema, "mimi ni wa huku."

Alielewa, akafungasha karatasi zake. Hoja ya ukaguzi aliyoiandika ilikuwa fupi: safari zile hazikuwa za murram, pesa za barabara zitumike kwa barabara, lori lisitumike kwa kazi yoyote isiyo na kifungu. Niliipiga taipu mwenyewe. Hapakuwa na neno moja la uongo ndani yake, na sikuona mahali pa kuirekebisha.

Mwaka uliofuata tulirudi kuona kama hoja imetekelezwa. Ilikuwa imetekelezwa. Murram nyekundu, iliyoshindiliwa vizuri, ilitoka barabara kuu ikavuka kijito juu ya kalvati jipya hadi zahanati. Nilijisikia nimefanya kazi ya maana duniani. Nesi alitupokea mlangoni, akatueleza kwamba sasa akina mama wanaletwa kwa pikapu, na wilbaro imerudishwa kwa mwenyewe. Alisema yote hayo bila kutabasamu. Nikamuuliza dani hajambo.

"Dani alituacha," alisema. "Wakati wa mvua. Tulimpeleka Homa Bay akafia huko."

Nesi alikwenda kwa baraza kuomba lori. Mweka hazina hakumjibu kwa ukali. Alimtolea barua yetu yenye ile hoja, akamsomea. Bibi akakaa mochari huku ndugu wakichanga, na michango ilikuwa haba, kwa maana kila boma lilikuwa limetoka kuchangia boma jingine. Mwishowe dereva wa trekta, jamaa yao wa mbali aliyekuwa akipeleka miwa kiwandani Awendo, akaja na trela tupu. Walifagia maganda ya miwa, wakafunga jeneza kwa kamba, wakaja nalo pole pole kutwa nzima.

"Lakini barabara ni nzuri," nesi aliniambia. "Dani amefika mpaka kwa mlango. Hakuna mtu alibeba na bega."

Hakuwa ananisuta, na heri angenisuta. Ningemjibu, ningemwambia sheria ni msumeno, tungegombana kama watu wazima, yakaisha. Nilisema tu, "Pole, sista," na maneno yale yalinitoka makavu kama unga.

Siku hiyo hiyo kamati ya fedha ilikuwa inakaa kupitisha makadirio ya mwaka mpya. Nesi aliomba lifti katika gari letu. Hatukumuuliza anakwenda kufanya nini. Tulipofika aliingia nyuma yetu, akasimama karibu na mlango, akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Mwenyekiti alisema kikao si cha wageni. Halafu akamtambua, akasema, haya, sista, sema kwa ufupi.

"Mlimuuliza mkaguzi nani aanze," alisema. Nilishangaa amezipata wapi habari za kikao kile, lakini katika mji mdogo siri ya kikao hailali. "Mimi nimekuja kuwajibu. Andikeni hiyo pesa. Kama lazima iite mtu, iite mimi. Nimezaa, nimezalisha watoto wenu, nimezika bwana, nimezika mama yake juu ya trela. Mimi siogopi kuitwa. Andikeni, ndio watu warudi nyumbani kama watu."

Yule diwani wa kofia aliivaa kofia yake, akaivua tena. Karani wa baraza alikuwa ameshika kalamu, akauliza kwa sauti ya chini kifungu kiitwe nini, pengine huduma za jamii?

"Mazishi," nesi alisema. "Andika mazishi."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa, na karani akaandika.

Baadaye mkubwa wangu alistaafu, na ukaguzi uliofuata nilikwenda peke yangu. Mweka hazina aliniletea jalada la vocha za kifungu kile bila mimi kuliomba, akalisukuma juu ya meza kwa vidole viwili, akarudi nyuma. Lilikuwa nene. Kila vocha ilikuwa na jina la marehemu, kijiji chake na mafuta yaliyotumika, na sahihi zote zilikuwa mahali pake. Sikuwahi kuona hesabu safi kama zile katika wilaya zile mbili. Nilianza juu, nikasoma majina peke yake. Nilizisoma vocha zote hadi ya mwisho, kisha nikazirudia tangu mwanzo, na jina la nesi halikuwemo. Nikachukua kalamu ya kijani, ile ya wakaguzi, nikatia tiki kwenye kila vocha, na ndipo machozi yakanitoka mbele ya mtu ninayemkagua.