Mikono ya Mapalesa

Katika milima ya Mokhotlong ukungu huingia nyumbani kama mgeni asiyebisha hodi. Asubuhi moja uliingia pamoja na Limpho, binti wa jirani, aliyesimama mlangoni kwa Mapalesa na mtoto mchanga ndani ya blanketi la kijivu. Alikuwa safarini kwenda Johannesburg kutafuta kazi.

"Mama, nishikie kidogo," alisema. "Nikipata pa kukaa nitamfuata."

Mapalesa akampokea. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila kuzaa. Siku ya harusi wakwe walimpa jina la mama wa mtoto ajaye, kama bibi harusi yeyote wa Kisotho, na tangu hapo aliitwa Mapalesa, mama wa Palesa, na Palesa hayupo. Jioni ile alimtazama yule mtoto akipiga miayo mbele ya moto wa samadi, akamwambia mumewe, "Seabata, naona amefika."

Seabata alikuwa mkata manyoya ya kondoo, mtu wa maneno ya kuhesabika. Alivuta kiko chake kwanza. "Amefika kwa miguu ya mtu mwingine, mke wangu."

"Hivyohivyo. Amefika."

Miaka ikapita polepole, kama theluji inavyoanguka bila upepo. Palesa alijifunza kutembea kwa kushika mkia wa mbwa. Siku za Alhamisi, akina mama wa kanisa walipokusanyika kuomba, alisinzia mgongoni mwa Mapalesa huku sala zikipita juu ya kichwa chake. Limpho alituma nguo mara mbili, kisha kimya. Na kile kimya, Mungu amsamehe, kilimfurahisha Mapalesa.

Palesa alikuwa na miaka kumi, na mipichi ilikuwa imechanua maua ya rangi ya waridi kijiji kizima, Limpho aliporudi. Alikuwa amekonda. Sasa alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule mjini Maputsoe, na alikuwa na chumba chake.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alisema, amesimama wima kama mtu aliyeikariri sentensi hiyo njia nzima.

Mapalesa alifunga mlango taratibu.

Mantoa, shoga yake wa tangu usichana, alikuja mbio na mikono bado ina unga. "Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Haya. Na uchungu wa kukesha na surua aujue nani, mbwa? Nenda kwa chifu. Kesi hii hata mbuzi wake watakutolea ushahidi."

"Nitaenda kesho. Leo ni Alhamisi."

Kanisani alipiga magoti kwenye kona yake ya siku zote. Alikuja kumwomba Mungu amfungie Limpho njia. Lakini ulimi ulizoea sala nyingine, ukaanza wenyewe: mapenzi yako... Hapo ukakwama. Sauti za akina mama zikawa mbali, kama watu wanaoongea ng'ambo ya mto. Macho yamefumbwa, akaiona tena ile asubuhi ya ukungu. Miaka yote alipoikumbuka aliona blanketi tu, na kilichokuwa ndani yake. Sasa, kwa mara ya kwanza, alimwona aliyelishika. Msichana mdogo, midomo mikavu, blauzi imelowa maziwa mbele. Akamwona anageuka, anateremka mlima mikono mitupu, ukungu unammeza.

"Yatimizwe," alisema Mapalesa kwa sauti, mpaka mwenzake akamtazama. "Yatimizwe hata kama yananipita mimi."

Alitoka akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama yake Limpho. Limpho alikuwa anachambua mboga. Akainuka haraka.

"Nilijua utakuja. Mtu wa chifu yuko wapi?"

"Sikuja naye. Nina swali, mwanangu. Siku ile uliyoondoka, yale maziwa uliyafanyaje?"

Limpho akakaa chini. "Yalitoka njia nzima. Ndani ya basi nilijifunika watu wasione."

"Sikukuuliza siku ile. Sikukupa hata uji. Nisamehe."

Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa sufuria ya mboga. Kisha Mapalesa akasema, "Njoo ukae kwangu kwanza. Mtoto hahamishwi kama kondoo."

Limpho akakaa kwa Mapalesa mpaka maua ya mipichi yakapukutika. Mapalesa alimwonyesha kila kitu: kwamba Palesa halali mpaka ashikwe sikio, kwamba akinyamaza sana ana homa. Mambo hayo aliyatoa moja moja, na kila moja liliuma. Jioni alitoka nje makusudi, akasimama karibu na zizi, ili sikio lishikwe na mkono mwingine.

Usiku wa mwisho Palesa alimfuata kule zizini. "Mama, umenichoka?"

"Sijakuchoka."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu siku uliyokuja mimi nilicheka, na yeye alikuwa analia. Nataka na yeye acheke."

Palesa alifikiri. "Na wewe utalia?"

"Kidogo. Halafu Mungu atajua la kufanya na mimi."

Seabata aliwapeleka kwa farasi hadi barabarani. Aliporudi alimkuta mkewe amepakua ugali wa watu watatu. Wakala, sahani ya tatu ikapoa.

Isidhaniwe kwamba alikuwa malaika. Msimu ule wote hakumsamehe Mungu. Alikwenda kanisani kila Alhamisi na kukaa kama gogo, haombi, haimbi. "Nimempa," alimwambia Mantoa, "lakini sijamwambia asante kwa kuchukua." Palesa alikuja Krismasi, amerefuka, ana maneno ya mjini, akimwita Limpho mama bila kusitasita. Jina hilo lilimchoma Mapalesa, likapita. Limpho alikuwa amenenepa kidogo, naye alicheka kwa urahisi, kichwa kikienda nyuma.

Mwaka uliofuata, ukungu ukiwa umekaa shambani kwa Mapalesa hata jembe halionekani ncha, Mantoa alipita njiani akasimama.

"Wewe, unamwimbia nani humo ndani?"

Mapalesa alinyanyua kichwa. Hakuwa na habari kwamba alikuwa anaimba. Alijaribu kukumbuka alianza saa ngapi, akashindwa, akainama akaendelea kufukia mbegu za njegere.