Ng'onda Kwenye Kamba ya Nguo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa hakimu. Usicheke! Hakimu wa nyumba ya vyumba sita, hapa hapa Mtongwe. Wapangaji walinichagua msimamizi wao kwa sifa moja tu: sikuwa natoka nyumbani. Na nilichosema mimi, mwenye nyumba alikikubali.

Ijumaa hiyo nilikuwa na harusi. Naenda kambani kuchukua kanzu yangu, lo, inanuka samaki! Mwanaisha, mpangaji mgeni, ameanika ng'onda wake ubavuni mwa kanzu. Nikapandwa na mori. Nikawaita wote uani, kanzu mkononi.

"Kuanika samaki kwenye kamba ya nguo ni kosa! Mwanaisha, kabla ya alasiri uwe umehama!"

Mwanaisha akamkumbatia mwanawe, machozi yakimlenga. "Niende wapi, kaka? Mbona sikuambiwa?"

"Si nimekwambia sasa!"

Hapo akacheka Bi Rukia wa chumba cha mwisho, karani wa mahakama aliyestaafu.

"Ewe hakimu, sheria hii imezaliwa lini?"

"Sasa hivi, Bi."

"Na samaki wameanikwa lini?"

"Asubuhi, Bi."

"Mahakamani huulizwa kifungu kiko wapi. Hakimu hajitungii kosa papo hapo. Kifungu kikikosekana, mshtakiwa huenda zake, hata kama hakimu mwenyewe ananuka ng'onda!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Bi Rukia hajamaliza. "Haya, nami natunga yangu: kushinda barazani na kikoi mpaka adhuhuri ni kosa, tangu mwaka jana. Nani ahame kwanza?"

Wallahi, nilikitazama kikoi changu nikaona wa kuhama kwanza ni mimi. Nikamwomba Mwanaisha radhi mbele ya wote. Papo hapo tukaandika mlangoni: samaki kamba ya nyuma, nguo ya mbele, kuanzia kesho. Chaki alishika Mwanaisha. Harusini nilikwenda na kanzu hiyo hiyo; mkeka mzima niliachiwa peke yangu!

Leo wewe ndiye msimamizi wa kundi la wasapu la wapangaji, na nasikia kidole chako ni chepesi kutoa watu. Mwanangu, kosa liandike kwanza, lisomwe na wote, kisha uadhibu la kesho, si la jana. Na hasira zako usizifanye kitabu cha sheria.

Mungu akupe sikio la kumsikiza mgeni, akulinde na hukumu ya mtu aliyeharibikiwa kanzu, na yako inukie udi daima. Amin.