Buti Zilizonibana

Nichekeni tu, nimestahili. Sisi wapasua mbao wa msitu wa Meru tuligawiwa na Mzungu wa misitu buti ngumu za ngozi, maana shoka halihurumii vidole. Asubuhi moja niliamka, zangu hazipo. Nikaenda kambini pekupeku, nikamkuta Sifaeli, mwenzangu wa msumeno, amevaa buti zenye mkwaruzo kidoleni kama zangu. Na jana yake alikuja kwetu!

“Mwizi! Vua!” nikafoka.

“Lameki, ndugu yangu, hizi ni zangu,” akasema.

Mnyapara akamwamuru avue. Nikazivaa mimi. Zilinibana mpaka machozi yakanilenga, lakini nikasema ngozi imenywea kwa umande. Mnyapara akafungua daftari amfute Sifaeli kazi.

Mara mama yangu akatokea njiani, ananing’iniza buti mkononi.

“Shikamoo, mama,” Sifaeli akamwamkia, miguu mitupu.

“Marahaba, baba.” Kisha akanigeukia. “Wewe, si ulinituma jana nizikaushe jikoni? Umeondoka bila kuuliza.”

Akaniangalia miguuni.

“Na hizo ulizovaa ni za nani?”