Mama Klachi Apima Mguu Usiopinda

Saa mbili asubuhi, lori la mchanga linaegeshwa nyuma ya hospitali. Mlinzi anakuja juu, lakini akimwona daktari wa mifupa anatokea mlangoni, anarudi getini.

Dereva aliyelileta anashuka kumpisha mwenzake, mwanamke mwenye plasta ngumu kutoka vidole vya mguu wa kushoto hadi chini ya goti. Kazini wanamwita Mama Klachi. Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na saba kati ya hiyo ameimaliza barabarani akiendesha malori.

"Daktari huyu alisema mifupa ya kifundo cha mguu iunganishwe. Maumivu yataisha, ila hapo kifundoni mguu hautapinda tena," anasimulia. "Nikamuuliza, sasa klachi nitaikanyaga kwa ulimi?"

Kilichomponza ni tabia ya madereva: kuruka chini badala ya kushuka kwa ngazi za lori. Siku moja alitua juu ya jiwe. Akaendesha kilomita arobaini kurudi nyumbani, akafunga kitambaa, na mwaka mzima akashikilia kwamba ameteguka tu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na ngazi za nyumba yake, alipoanza kuzipanda kwa makalio.

Mumewe, fundi seremala, alimchongea mkongojo. "Alinipima kama mlango," anacheka. Kisha anakiri kwamba mume akienda kazini, yeye alikuwa analia.

Daktari wa kwanza alimpa vidonge. Wa pili alitaja kifundo bandia, akaonya kwamba kwa kazi yake hakitadumu. Huyu wa tatu aliuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Kwani hiyo klachi unaikanyagaje?" Ndiye aliyemfunga plasta wiki mbili, aonje mguu usiopinda kabla ya kisu.

Leo, injini ikiwa imezimwa, anarudisha kiti nyuma kidogo. Anainua paja, anasukuma kwa nyonga. Klachi inamponyoka. Anasogeza kiti, anajaribu tena. Safari hii inazama mpaka mwisho, na anaiachia polepole. Anarudia mara kumi.

"Unaumia, Mama?" daktari anauliza kutoka chini.

"Paja linalalamika, Daktari. Kifundo kimya! Niandikie siku."

Upasuaji ni Jumatatu. Mumewe angependa aache lori, afungue duka. "Duka afungue yeye," anajibu, "mimi nitamletea mchanga wa kujengea."

Dereva mwenzake anataka kujua atamshikia zamu hadi lini.

"Miezi sita," anamwambia. "Wateja wanaonitaka mimi waambie wasubiri. Mchanga hauozi."